Nyumba ya Watawa Kando ya Ngome: Waagustino wa Mombasa, 1597–1698

Asalaam aleikum. Na kwa ndugu zetu Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo. Nimezitoa salamu zote mbili kwa makusudi, kwa kuwa habari ya jioni hii inawagusa watu wa dini zote mbili, nami naomba tangu mwanzo tuisikilize kama watu wa mji mmoja. Sikuja kuhukumu dini ya mtu. Nimekuja kupima hoja, na hoja nitakayoipima ni kongwe.

Mada yetu ni nyumba ya watawa wa Shirika la Mtakatifu Augustino iliyoanzishwa katika kisiwa hiki mwaka 1597, ikapewa jina la Mtakatifu Antoni, na ikatoweka pamoja na utawala wa Wareno mwaka 1698. Ilikuwa katika mji wa Wareno, ule uliotandaa kutoka Ngome ya Yesu kuifuata barabara ambayo wao waliiita Raposeira, na sisi twaiita Ndia Kuu. Mtu aweza kuzaliwa Mji wa Kale, akazeeka humo, akaijua mitaa yake nyumba kwa nyumba, wala asisikie kwamba palikuwa na watawa. Waandishi wachache wanaoikumbuka nyumba hiyo humaliza habari yake kwa sentensi moja: iliangamia mwaka 1631, Wakristo walipouawa. Kusudi langu ni kuonesha kwamba sentensi hiyo haitoshi. Mauaji ya 1631 yalitokea, na yalikuwa makubwa, lakini siyo yaliyoiondoa nyumba ile. Kilichoiondoa ni namna ilivyoanzishwa na ilivyoishi: haikuwa na ardhi ya kuilisha, haikulea watoto wa mahali, na haikuwa na nafasi yoyote kati yake na dola iliyoileta. Nitaieleza hoja hii kwa hatua tano.

Kwanza, tutazame nyumba yenyewe ilivyozaliwa. Tusisahau mpangilio wa miaka, maana ndio ushahidi wetu wa mwanzo. Vasco da Gama alifika mbele ya Mombasa Aprili 1498, akaondoka kwa shaka. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji, akaupora na kuuchoma. Nuno da Cunha alikuja akaupiga tena mwishoni mwa 1528. Mwaka 1589, Mir Ali Bey alipokuwa hapa na merikebu za Kituruki, manowari za Wareno zilifika kutoka Goa, na wakati huohuo Wazimba wakaingia kisiwani kutoka bara. Baada ya hapo Wareno waliamua kukaa. Aprili 1593 waliweka jiwe la msingi la ngome iliyochorwa na Mwitalia Giovanni Battista Cairati, na wakamhamishia hapa rafiki yao wa siku nyingi, Sultani wa Malindi, awe mfalme wa Mombasa. Miaka minne baadaye ndipo watawa walipokuja. Hesabuni wenyewe: moto mara mbili, kisha vita, kisha ngome, kisha sultani aliyeletwa, na mwisho kabisa sala. Watu wa mji waliokwisha kuyaona yale ya mbele wangewezaje kuyatenga na hili la nyuma?

Na si mpangilio wa matukio tu, hata fedha zilipitia mlango mmoja. Katika nchi za Mashariki, mfalme wa Ureno alikuwa amekabidhiwa na Roma jukumu la kulisimamia Kanisa: yeye ndiye aliyependekeza maaskofu, na hazina yake ndiyo iliyowatunza mapadri. Watawa wa Mombasa walitumwa kutoka Goa, ambako askofu mkuu wa wakati huo, Aleixo de Menezes, mwenyewe alikuwa Mwagustino, na riziki yao ilitegemea hazina hiyo pamoja na sadaka za Wareno wa mjini. Anayekwenda leo katika uwanja wa ngome ataoneshwa misingi ya kanisa la askari, iliyoinuka kidogo tu kutoka ardhini, imezungukwa na kuta nene za mawe ya matumbawe na maboma yaliyopewa majina ya watakatifu, Mateo na Mathiya. Kanisa lile lilikuwa ndani ya kuta, na nyumba ya watawa ilikuwa nje. Kwa jicho la mjenzi hiyo ni tofauti kubwa. Kwa jicho la mwenyeji aliyelipa ushuru forodhani haikuwa tofauti hata kidogo.

Pili, tuje kwenye 1631, maana najua wengi mnaungoja mwaka huo. Sultani Hasan bin Ahmad aligombana na kapiteni wa ngome, Manuel de Melo Pereira, na mwaka 1614 akakimbilia bara. Huko aliuawa kwa hila iliyolipiwa na Wareno, na kichwa chake kikapelekwa Goa. Mwanawe Yusuf, akiwa bado mtoto mdogo, alipelekwa Goa hiyohiyo, akalelewa katika nyumba ya Waagustino, akabatizwa Dom Jerónimo. Historia humwita Chingulia. Alitumika katika manowari za Wareno upande wa Ghuba, akaoa mke Mkristo, akatunukiwa heshima ya Shirika la Kristo, na baadaye akarudishwa Mombasa kutawala. Alimwandikia hata Papa barua ya utii. Lakini hapa alikuta kapiteni anayemdharau, mapato yasiyomfikia, na Waislamu wenziwe wa zamani wasiomwamini. Ikasemwa kwamba anakwenda kuomba kwenye kaburi la babake kwa desturi ya Kiislamu, na kapiteni akataka kumpeleka Goa akahukumiwe. Katikati ya Agosti 1631 Yusuf aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapiteni Pedro Leitão de Gamboa, akarudi kwenye jina lake na dini yake. Wareno waliokuwa mjini walikimbilia nyumba ya watawa. Siku chache baadaye walitolewa humo wakauawa, na watawa pamoja nao, na Waafrika wengi waliokuwa wamebatizwa. Waliokufa ni mamia.

Muda mfupi baadaye Kanisa lilifungua uchunguzi huko Goa ili kuthibitisha kwamba hao walikufa mashahidi wa imani, na watu waliookoka walihojiwa kwa kiapo. Maandishi hayo yalihifadhiwa, na mwaka 1980 mwanahistoria G. S. P. Freeman-Grenville aliyachapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Nawaomba wanafunzi mlioko nyuma mlizingatie jambo hili: ushahidi wa kiapo una nguvu, lakini una mwelekeo. Maswali yaliulizwa na watu waliotaka kujua nani alikufa kwa ajili ya dini, kwa hiyo majibu yanaeleza dini. Hakuna aliyeuliza habari za forodha, wala za kichwa cha Sultani Hasan. Ukiusoma ushahidi huo peke yake utaamini kwamba mwaka 1631 Uislamu uliushambulia Ukristo. Ukiuweka pamoja na mambo ya 1614 utaona mwana aliyelipa kisasi cha baba, na mfalme asiyepewa ufalme wake.

La muhimu zaidi kwa hoja yangu ni yaliyofuata. Wareno walikuja kuizingira ngome mapema 1632, wakashindwa. Mwezi wa Mei Yusuf mwenyewe alibomoa alichoweza, akapanda chombo, akaenda zake kuwa mwindaji wa merikebu baharini. Agosti mwaka huohuo Wareno walirudi. Maandishi ya juu ya lango la ngome bado yanamtaja kapiteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyeshika madaraka mwaka 1635 akaijenga upya. Watawa nao walirudi. Ukihesabu kutoka 1632 hadi 1698 utapata miaka 66, karibu mara mbili ya ile 34 iliyotangulia mauaji. Nyumba iliyoishi miaka 66 baada ya pigo haiwezi kusemwa kwamba iliuawa na pigo hilo.

Tatu, tuulize kwa mifano ya kwingine: je, kushambuliwa huua nyumba ya watawa? Twendeni mbali kidogo, kwenye mabonde ya milima ya Alpi, ambako Wabenediktini walijenga abasia zao karne nyingi kabla ya ngome yetu. Abasia ya Novalesa ilianzishwa mwaka 726 chini ya njia ya mlima ya Mont Cenis, mahali pa kupita kati ya Italia na Ufaransa. Karibu mwaka 906 Waislamu waliokuwa na kituo Fraxinetum, pwani ya kusini ya Ufaransa, waliishambulia, na watawa wakakimbilia Torino. Baadaye nyumba ilianzishwa upya, na karne ya 11 watawa wake wakaandika historia ya nyumba yao wenyewe. Ilifungwa zama za Napoleon, na mwaka 1973 Wabenediktini wakarudi tena. Abasia ya Disentis, katika bonde la juu la mto Rhine huko Uswisi, iliharibiwa karibu mwaka 940, ikajengwa. Mwaka 1799 askari wa Ufaransa waliichoma moto, ikajengwa. Hadi leo ina watawa na ina shule.

Mtasema Ulaya ni Ulaya. Basi turudi kwetu. Mwaka 1898 Wabenediktini wa Kijerumani wakiongozwa na Cassian Spiss walifika Peramiho, katika nchi ya Wangoni, kusini mwa Tanzania ya leo. Mwaka 1905, katika Vita vya Maji Maji, Spiss, aliyekuwa askofu, aliuawa safarini pamoja na wenzake, na Septemba misheni ya Peramiho ikachomwa. Ilijengwa upya. Vita vya kwanza vya dunia viliiangusha serikali ya Wajerumani, watawa wa Kijerumani wakaondolewa, na Waswisi kama Gallus Steiger wakaishika kazi. Mwaka 1931 Peramiho ikawa abasia. Bendera iliyowaleta iliteremshwa, wao wakabaki. Hapa kwetu bendera iliteremshwa Desemba 1698, na nyumba ya Mtakatifu Antoni ikaondoka nayo. Tofauti hiyo ndiyo inayotaka maelezo.

Nne, basi, ni sababu zenyewe, nazo ni tatu. Ya kwanza ni ardhi na kazi. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa karne ya 6, inataka monasteri iwe na maji, kinu na bustani ndani ya eneo lake, na inawataka watawa wafanye kazi za mikono kila siku. Kwa hiyo abasia ya bonde la Alpi ililima, ilifuga, ilipokea wasafiri, na jirani zake walihitaji iwepo hata kama hawakumpenda abati. Peramiho ilifanya vivyo hivyo kwa mashamba, karakana, hospitali na mitambo ya uchapaji. Wazee wetu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Waagustino wa Mombasa walikaa miaka mia moja bila kushika jembe. Walihudumia sakramenti za askari na wafanyabiashara wa Kireno, na wateja wao walipoondoka, hakukuwa na mtu mwingine wa kuwauliza wako wapi.

Sababu ya pili ni watoto na lugha ya mahali. Mtoto wa Mombasa aliye maarufu kuliko wote waliolelewa na Waagustino hakulelewa hapa; alipelekwa Goa, akarudi akiwa mgeni kwa pande zote mbili. Hilo peke yake ni hukumu juu ya mfumo mzima. Na katika karne nzima ya kuishi kwenye mji wa Kiswahili, mji ambao elimu na mashairi vilikuwa fahari ya wenyewe, nyumba ile haikutuachia sarufi wala kamusi. Linganisheni na mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyeshuka hapa mwaka 1844 na barua ya Sayyid Said. Miaka miwili baadaye alikaa Rabai na Johannes Rebmann, na kabla ya miaka kumi kwisha alikuwa amekwisha kuchapisha muhtasari wa sarufi ya Kiswahili. Rebmann alikaa nchini hadi 1875, akaondoka akiwa kipofu. Waliobatizwa zama zao walikuwa wachache mno, lakini Rabai ina kanisa hadi leo, na walioliendeleza ni Waafrika. Peramiho nayo ilizaa Hanga, ambayo ni abasia ya Watanzania wenyewe.

Sababu ya tatu ni umbali na dola. Sisemi kwamba monasteri za Alpi hazikujua siasa. Zilijua sana: zilipewa mashamba na watawala, na maabati wengine walikuwa mabwana wakubwa. Lakini mtawala alipoanguka, abasia ilikuwa na mali yake, kanuni yake na watu wake wa kusimama nao. Mombasa haikuwa hivyo. Kapiteni alipomdhulumu Sultani Hasan, watawa hawakuwa na pa kusimama pa kumwambia kapiteni hapana na bado wakala kesho yake. Ndiyo maana mwaka 1631 aliyeichukia ngome hakuona sababu ya kuuacha mlango wa watawa.

Tano, niyajibu mapingamizi, maana najua yapo, na mengine ni mazito. Pingamizi la kwanza husema: tatizo lilikuwa Uislamu, katika mji wa Kiislamu nyumba ya watawa haingeweza kudumu. Nalikataa kwa ushahidi wa hapahapa. Masultani wa Malindi waliokuwa marafiki wa Wareno walikuwa Waislamu, na nyumba ya watawa ilijengwa katika mji uliotawaliwa na mmoja wao. Mzingiro mkubwa wa Waomani, ulioiangusha ngome mwaka 1698, ulipoanza Machi 1696, wenyeji wengi waliingia ngomeni pamoja na Wareno, na Waislamu walikuwamo. Mwaka uliofuata tauni iliwamaliza Wareno waliokuwa ndani hadi wa mwisho, na kwa majuma kadhaa, mpaka msaada ulipofika, aliyeishika Ngome ya Yesu alikuwa Bwana Daud wa Faza, Mwislamu. Palipo na maslahi na ahadi, dini haikuwazuia watu kusimama pamoja. Tena tazameni Unguja: kanisa la Waanglikana la Mkunazini lilianza kujengwa mwaka 1873 katika mji wa sultani, chini ya Edward Steere, askofu wa baadaye, aliyekwisha kuchapisha kitabu cha Kiswahili mwaka 1870. Bado limesimama, na waliokuja kulirithi ni Waswahili wenyewe.

Pingamizi la pili husema ninalinganisha visivyolingana. Wabenediktini ni watawa wa mashamba, huapa kukaa mahali pamoja. Waagustino ni watawa wa mijini wanaoishi kwa sadaka na kutumwa popote. Hili ni kweli, nami nalikubali nusu. Lakini mtawa wa sadaka anahitaji wenyeji kuliko mtawa wa shamba, kwa sababu chakula chake kiko mikononi mwao. Akiila sadaka ya kambi peke yake, atakwenda na kambi. Kwa hiyo tofauti ya mashirika inaieleza hatari. Haiwaondolei waliotawala nyumba ile jukumu la kuiona hatari hiyo.

Pingamizi la tatu ndilo gumu: kwamba Peramiho nayo, na Mkunazini nayo, zilikuja katika kivuli cha dola za Ulaya. Ni kweli. Wabenediktini walilipa gharama ya kivuli hicho mwaka 1905, na hata kabla, pale misheni yao ya Pugu iliposhambuliwa Januari 1889 katika vita vya Bushiri dhidi ya Wajerumani. Sijadai kwamba nyumba inayodumu haina doa. Ninachodai ni kidogo zaidi na kinaweza kuthibitishwa: nyumba inayopata jirani, kazi na watoto kabla dola yake haijaanguka huweza kuokoka anguko hilo, na isiyovipata haiokoki. Wareno waliporudi Mombasa mwaka 1728 walikuta mji usio na mtu wa kuwatetea, na kabla ya mwaka 1729 kwisha watu wa mji wakawatoa. Karne nzima ya sala haikuwa imewapatia jirani.

Waheshimiwa, nimalizie kwa yaliyo mbele yetu. Ngome ilifanywa jela mwaka 1895, ikaachiliwa mwaka 1958, James Kirkman akaichimba, na ikafunguliwa kuwa makumbusho. Mwaka 2011 UNESCO iliiandikisha katika urithi wa dunia. Mabaki ya merikebu Santo António de Tanná, iliyozama mwaka 1697 mbele ya ngome, yalichunguzwa na wapiga mbizi kuanzia 1977. Tumeijua silaha ya Wareno na chombo chao. Nyumba yao ya sala, walikotolewa watu wakauawa, na ambayo kwa ajili yake iliandikwa kesi nzima huko Goa, haina hata kibao. Naomba mambo matatu. Ushahidi wa kiapo wa Goa utafsiriwe kwa Kiswahili, usomwe na watoto wa Mombasa pamoja na habari za 1614, wasisome nusu ya kisa. Wataalamu wa mambo ya kale, kila mara msingi unapochimbwa Mji wa Kale kwa ajili ya ghorofa jipya, wapewe nafasi ya kuangalia kwanza. Na viongozi wa dini zetu, wa msikiti na wa kanisa, waifundishe habari hii pamoja, kwa sababu ikifundishwa upande mmoja tu hugeuka kuwa kesi. Taasisi yoyote inayoingia mjini leo, iwe ya dini, ya elimu au ya misaada, ijiulize maswali yaleyale: nani atakula kwa kazi yetu, nani wa hapa ataturithi, na siku anayetulipa akiondoka, nani atataka tubaki? Waagustino wa Mombasa hawakuwa na jibu, na ndiyo sababu hawapo.